Fowili kuukuu, gereji ya nyumbani: mwongozo kamili wa kulitengeneza gari kabla ya kuliboresha

Fowili (gari ambalo injini huendesha magurudumu yote manne) nyingi kuukuu zinazoishia kukaa juu ya mawe hazikuuawa na uzee. Zimeuawa na mpangilio mbaya wa kazi. Mwenye gari alianza na tairi kubwa, springi ndefu na taa nne juu ya keria, huku mipira ya breki ikiwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kila kilichoongezwa kikawa mzigo juu ya kilichokwisha kuchoka, na baada ya muda gari likawa bovu kuliko siku lilipoingia nyumbani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Kwanza gari lirudi kuwa kama lilivyokusudiwa na waliolitengeneza: lisimame linapoambiwa, lifuate steringi, lisichemshe, lisivuje. Ndipo uanze kuongeza. Habari njema ni kwamba magari ya aina hii, kama Land Cruiser za zamani, Land Rover Defender, Nissan Patrol au Suzuki Samurai, yana chasisi ya chuma iliyojitenga na bodi, ekseli nzima mbele na nyuma, na umeme kidogo. Mtu mvumilivu mwenye spana nzuri anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi mwenyewe.

Kabla ya kushika spana

Tafuta kitabu cha gereji cha gari lako, kile cha mtengenezaji chenye vipimo vya kukaza kila bolti. Video zinasaidia kuona mkono unavyokwenda, lakini hazikuambii nati ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu) inakazwa kwa kiasi gani kwenye modeli yako.

Vifaa vya lazima ni vichache kuliko unavyodhani: seti ya soketi na spana za milimita (Land Rover za zamani zinataka pia za inchi), spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), multimita (kipimo cha umeme), nyundo ndogo na kubwa, patasi, kipande cha shaba njano cha kugongea bila kuumiza chuma, brashi ya waya, beseni la kumwagia oili, na oili ya kulainisha kutu. Hiyo ya mwisho ipulizie bolti zote utakazofungua jioni ya siku iliyotangulia, kisha asubuhi rudia. Bolti ikikataa, usirefushe mpini wa spana kwa bomba hadi ikatike kichwa. Ikaze kidogo kwanza, ilegeze, ikaze, ilegeze. Ikiendelea kugoma, ipashe nati moto, ilimradi hakuna raba, grisi wala mafuta karibu.

Stendi za jeki ndizo zisizo na mbadala. Jeki ni ya kunyanyulia tu, hata iwe kubwa namna gani. Ukishanyanyua, gari likae juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli au chasisi, kwenye sakafu ngumu na sawa, na magurudumu yaliyobaki chini yatiwe kabari pande zote mbili. Kabla ya kujiingiza chini, lisukume gari kwa nguvu. Likitikisika juu ya stendi, lishushe upange upya.

Kwenye Land Rover nyingi za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), yaani inashika propela, shafti inayopeleka nguvu hiyo kwenye ekseli. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli zinazoacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti) inaliruhusu lizunguke, na gari linaweza kuteleza likatoka kwenye jeki ingawa breki ya mkono umeivuta hadi mwisho. Kabari ndiyo inayokushikia gari.

Na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Viatu vingi vya breki vya miaka ya nyuma vilitiwa asibestosi. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki na ufute kwa tambara.

Ukaguzi: siku nzima bila kufungua kitu

Jizuie. Siku ya kwanza ni ya kuangalia na kuandika tu.

Anza na chasisi, maana ikiwa imeoza, mengine yote yanasubiri. Lala chini na nyundo ndogo ugonge taratibu urefu wote wa mihimili. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa mlio mfu, na pengine nyundo inaacha kishimo. Kaa zaidi kwenye mihimili ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na pale tope linapokwama kati ya tangi na chasisi. Kutu inakula kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo rangi nzuri ya nje haithibitishi chochote. Bamba jipya lililochomelewa juu ya la zamani pia ni la kutilia shaka mpaka ujue chini yake kuna nini.

Kisha mafuta yote. Chomoa kijiti cha oili, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, legeza bolti ya kujazia ya difu zote mbili, giaboksi na transfa, uchovye kidole. Oili ya difu iliyo nyeupe kama maziwa imeingia maji. Maji ya rejeta yenye rangi ya kutu yanasema hakuna aliyeyabadilisha kwa miaka. Utando wa rangi ya krimu chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu wa safari fupi tu, lakini ukiambatana na maji yanayopungua, shuku gasketi ya silinda hedi.

Washa injini ikiwa baridi kabisa na umweke mtu nyuma aangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua: ringi, sili za valvu, au turbo kama ipo. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililoziba au nozeli zilizochoka. Mweupe asubuhi kwenye dizeli waweza kuwa mafuta yasiyoungua kwa sababu plagi za kupashia zimekufa. Mweupe unaoendelea injini ikishapata moto na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta.

Mwisho nyanyua kila gurudumu, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tatizo ni beringi za habu au za kingpini, yaani egemeo ambalo gurudumu la mbele hugeukia wakati wa kukata kona. Likicheza kushoto na kulia tu, tazama vichwa vya tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele na steringi. Ili kuzitenganisha beringi hizo mbili, mwambie msaidizi akanyage breki wakati unatikisa: mchezo ukipotea ni za habu, ukibaki ni za kingpini.

Orodha utakayotoka nayo itakuwa ndefu. Igawe mara tatu: yanayoweza kuua, yanayoweza kuua injini, na yanayokera. Fanya kwa mfuatano huo.

Breki

Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani. DOT 4 mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiasi, kiwango hicho kinashuka hadi karibu 155. Kwenye mteremko mrefu na gari zito, hapo ndipo pedali inapozama ghafla hadi sakafuni. Badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei. DOT 3 na DOT 4 ni ukoo mmoja, lakini DOT 5 ni silikoni na haichanganywi nazo. Oili ya injini au ya steringi isiguse mfumo huu hata tone, kwa sababu inavimbisha raba zote, na utalazimika kubadilisha kila kitu kuanzia masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali ya breki.

Mipira ya breki, ile myembamba inayoshuka kutoka chasisi kwenda kwenye ekseli, huonekana mizima nje wakati ndani imevimba. Dalili yake ni gurudumu linaloendelea kushika baada ya kuachia pedali: mafuta yanasukumwa kwenda, kurudi hayapiti. Kama hujui umri wake, badilisha yote. Mabomba ya chuma yaliyoota kutu nayo hayapakwi rangi, yanabadilishwa.

Kutoa upepo kunataka watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu kikisema vingine. Vaa mpira mwembamba kwenye nipeli (skrubu ndogo ya kutolea upepo nyuma ya breki), mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mmoja akanyage taratibu na kushikilia, mwingine afungue nipeli, mafuta yatoke, afunge, ndipo mguu uachiwe. Kosa la kawaida ni kuachia mguu kabla nipeli haijafungwa, na upepo uliotoka unarudi wote. Hakikisha chupa ya juu haikauki katikati ya kazi. Pedali iwe ngumu na isizame ukiishikilia kwa nusu dakika.

Nako za mbele: kazi chafu kuliko zote

Kwenye Land Cruiser na Patrol za ekseli nzima, mwisho wa kila upande wa ekseli ya mbele kuna tufe la chuma, na nako, kipande kinachobeba habu na gurudumu, inazunguka juu yake unapokata kona. Ndani yake kuna jointi ya ekseli, ile ya aina ya Birfield, iliyozama kwenye grisi nzito. Kati ya grisi hiyo na oili ya difu kuna sili moja tu. Sili ikichoka, oili inaingia kwenye nako, inaiyeyusha grisi kuwa uji mweusi, na uji huo unatokea nje ya tufe na kuteremka hadi kwenye breki. Tufe likiwa na unyevu mwembamba wa grisi, ni kawaida. Likichuruzika, fungua.

Gari likiwa kwenye stendi na gurudumu limetoka, fungua kalipa (kibano cha breki ya diski) na uitundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake. Ondoa friwili (kifaa cha kuunganisha au kutenga gurudumu na ekseli) au bamba la habu. Bolti zake zimeshikwa na washa za umbo la koni zinazong'ang'ania. Legeza nati, kisha gonga ubavu wa bamba kwa kile kipande cha shaba mpaka koni ziruke. Toa klipu ya duara kwenye ncha ya ekseli, nyoosha bamba la kufungia, na ufungue nati mbili za habu. Kwenye Land Cruiser nyingi zinataka soketi ya milimita 54. Kwenye Land Rover ni 52. Nunua soketi yenyewe. Nati zilizofunguliwa kwa patasi zinatambulika kwa makovu yake, na aliyefanya hivyo kwa kawaida hakupima ukazaji pia.

Habu ikitoka, toa spindeli (bomba ambalo habu huzunguka juu yake), kisha vuta ekseli yote pamoja na jointi. Tenganisha tairodi kwenye nako. Sasa fungua vifuniko vya juu na chini vya kingpini. Chini ya vifuniko hivyo kuna shimu, vibati vyembamba vya chuma. Vya juu viende kwenye mfuko wao, vya chini kwenye mfuko wao, kila upande wa gari na alama yake. Shimu hizo ndizo zinazoiweka nako katikati ya tufe na kuzipa beringi ukazaji wake. Ukizichanganya, steringi itakuwa nzito au italegea, na sili mpya itakaa upande na kuvuja tena.

Safisha hadi chuma king'ae. Hii ndiyo nusu ya kazi. Kagua gololi za jointi na mifereo yake: alama za kung'aa ni sawa, mashimo na ngozi iliyobanduka si sawa. Kuna ujanja wa zamani unaofaa: jointi ya kushoto na ya kulia ubadilishane, ikiwa urefu wa ekseli unaruhusu kuhamisha jointi pekee. Zinachakaa zaidi upande mmoja wa mifereo kwa sababu gari hutembea mbele karibu muda wote, hivyo ukizigeuza unapata upande ambao haujaguswa. Pitisha ukucha pale sili ya ndani inapokaa kwenye ekseli. Ukucha ukikwama kwenye mfereo, sili mpya itavuja kama ya zamani. Ekseli inataka kuvalishwa bushi nyembamba ya kurekebishia au kubadilishwa.

Gonga sili mpya iingie sawasawa mzunguko wote, ikiwa imepakwa grisi mdomoni. Wakati wa kurudisha ekseli usiilaze juu ya sili hiyo. Ishike kwa mkono hadi meno yaingie kwenye difu. Jointi ijazwe grisi yenye molibdeno kwa kuisukuma kwa kidole mpaka itokee upande wa pili. Ndani ya nako jaza sehemu kubwa, lakini acha nafasi ya grisi kutanuka.

Beringi za habu zijazwe grisi kati ya kila rola, si kupakwa juu juu. Kukaza kunakwenda hivi: kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu mbele na nyuma ili beringi zikae, legeza kabisa, kisha kaza tena kidogo kwa kipimo cha kitabu. Pima kwa mizani ya springi iliyofungwa kwenye stadi ya gurudumu, usome nguvu inayoanzisha mzunguko. Weka bamba la kufungia, kaza nati ya nje, pima tena, maana ya nje huwa inasukuma ya ndani. Ndipo ukunje bamba.

Vibomba vya kupumulia

Ukishabadilisha sili, ondoa kilichoziua. Kila difu ina kipumulio kidogo juu yake. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, presha inatafuta njia na kusukuma oili kupitia sili. Ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto, hewa inapoa ghafla na kujikusanya, na difu inavuta maji kupitia sili zile zile. Vaa mpira mrefu kwenye kila kipumulio, difu mbili, giaboksi na transfa, uipandishe hadi juu kabisa kwenye chumba cha injini na kufunga kichujio kidogo mwishoni. Kwangu mimi hili ndilo boresho la kwanza kwa umuhimu, ingawa hakuna atakayelisifu kwenye maegesho.

Kupoza injini

Chukua tochi uangalie kati ya rejeta na kondensa ya AC kama ipo. Tope laini lililokauka pale halionekani kwa mbele. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi.

Zungusha feni injini ikiwa imezimwa na ina moto. Feni ya mafuta mazito ikizunguka bure bila kizuizi, klachi yake imekwisha. Kagua kitundu cha chini ya pampu ya maji: alama ya maji yaliyokauka hapo ni taarifa ya mapema. Mipira ya rejeta ibonyeze. Iliyo laini kama sifongo au inayolia kwa mipasuko ibadilishwe yote, pamoja na ile mifupi ya hita inayosahaulika.

Kuna tabia ya kutoa thamostati "ili injini ipoe vizuri". Irudishe. Bila thamostati injini inakwenda ikiwa baridi mno, oili haifikii joto lake, silinda zinalika haraka, na kwenye injini nyingine maji yanapita njia ya mkato badala ya kupita kwenye rejeta. Kifuniko cha rejeta nacho si kizibo tu: cha bar 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi 118. Springi yake ikichoka, gari linachemsha bila kosa lingine lolote.

Injini

Swali la kwanza ni mkanda wa taimingi. Kwenye 1HZ ya Toyota unabadilishwa kila kilomita 100,000, na taa yake ipo kwenye dashibodi, lakini taa inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Kama huna uthibitisho, badilisha pamoja na beringi ya kukazia. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Injini kama 3B ya Toyota na TD42 ya Nissan zinaendesha taimingi kwa gia, kwa hiyo hapo huna mkanda wa kuhofia.

Halafu njia ya hewa. Fungua bomba baada ya chujio, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, chujio au kiungio chake kinapitisha, na vumbi hilo linasaga silinda kimyakimya. Hii ni kazi ya dakika kumi inayookoa injini nzima.

Kwenye dizeli, toa maji kwenye kichujio, badilisha vichujio, kisha toa upepo kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Gari linalowaka asubuhi kwa shida na kuwaka vizuri baadaye linaweza kuwa linavuta hewa kwenye mpira wa mafuta uliopasuka juu, mahali ambapo hakuna tone linalodondoka chini. Kwenye petroli ya kabureta, weka plagi, rota na kifuniko vipya, rekebisha pointi na taimingi kabla hujaigusa kabureta yenyewe. Kabureta hulaumiwa kwa makosa mengi ya umeme.

Ukitaka kupima kompresheni ya dizeli, tumia geji ya dizeli. Ya petroli haitahimili. 1HZ ina uwiano wa 22.4 kwa 1. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe.

Umeme

Anza kwa kujua volti. Baadhi ya Land Cruiser na Patrol za dizeli ni za volti 24, na Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi zilifungwa chanya kwenye chasisi. Redio au taa ya kisasa itaungua sekunde ile ile.

Makosa mengi ya umeme kwenye gari kuukuu ni athi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma tupu cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi unakula umeme wako. Fungua kila kiungio cha athi, betri hadi chasisi, chasisi hadi injini, chasisi hadi bodi, kwangua hadi chuma, funga, paka grisi. Betri iliyojaa ya volti 12 inasoma karibu 12.6 ikiwa imepumzika na kati ya 13.8 na 14.4 injini ikiwaka.

Taa za mbele hafifu usizibadilishe kwanza. Magari haya yanapitisha umeme wote wa taa kwenye swichi na waya nyembamba za umri wa miaka mingi. Weka rilei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme mdogo) karibu na betri, waya nene wenye fyuzi uende moja kwa moja kwenye taa, na swichi ya zamani ibaki kuamrisha rilei tu. Hesabu ya waya na fyuzi ni kugawanya wati kwa volti: taa mbili za wati 100 kwa volti 12 zinavuta karibu ampea 17. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usishike moto.

Kutu

Kata hadi chuma kizima, chomelea kipande kipya cha unene ule ule, paka praima ya zinki, rangi, kisha pulizia nta ndani ya mihimili. Bamba juu ya kutu ni kuficha tu. Kabla ya kuchomelea tenganisha betri na alteneta, ondoa tangi la mafuta kama uko karibu nalo, na uweke kizima moto mkononi mwa msaidizi. Vishikio vya springi na steringi ambavyo huna uhakika wa kuvichomelea, mpelekee mchomeleaji mwenye ujuzi.

Mwenye Land Rover ana tatizo la ziada: bodi ya alumini iliyofungwa kwenye fremu za chuma. Metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu, alumini inaoza na kugeuka unga mweupe. Weka raba nyembamba au gundi ya kuzibia katikati wakati wa kufunga.

Sasa maboresho

Tairi kwanza. Kwenye ekseli nzima, springi ndefu zinanyanyua bodi lakini difu inabaki pale pale. Kinachoinyanyua difu ni tairi peke yake. Ukitoka 265/75R16 kwenda 285/75R16, kipenyo kinapanda kutoka karibu milimita 804 hadi 834, yaani difu inapata milimita 15 tu. Unalipia kwa gia ndefu zaidi, breki zenye kazi zaidi, na kipima mwendo kinachosoma 100 wakati unakwenda karibu 104. Kwa watu wengi, tairi za kipimo cha kiwandani zenye mtindo mzuri wa meno na kushusha upepo kwenye mchanga zinatosha kabisa. Beba pampu ya kujazia ukirudi kwenye lami.

Springi na shokapu zifuate, na kwa gereji ya nyumbani usipite milimita 50. Juu ya hapo kila kitu kinadai fidia: mipira ya breki inakuwa mifupi, kros za propela (viungio vya ncha zake) zinakwenda kwa pembe kali, rodi ya Panhard, inayoishikilia ekseli isiende kando, inaivuta upande mmoja, na kwenye gari la springi za koili nako zinalala mbele kiasi kwamba steringi hairudi yenyewe baada ya kona. Kama breki za nyuma zina valvu inayohisi mzigo, rodi yake irekebishwe. Vinginevyo inaamini gari ni tupu na kunyima breki za nyuma presha. Yu-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) za zamani usizirudie, zimeshanyooka. Na bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye magurudumu. Ukizikaza likiwa juu ya stendi, raba zinabaki zimejipinda muda wote na kukatika mapema.

Ndoano za kuvutia zifungwe kwenye chasisi kwa bolti za daraja la 8.8 au zaidi, na ziwe zimeandikwa uwezo wake. Tufe la chuma la kufungia trela lisivutiwe kamwe wakati wa kunasua gari. Limeshakatika na kuua watu.

Snokeli, bomba linaloinua mdomo wa hewa ya injini juu ya maji, ina maana tu kama kila kiungio chini yake hakipitishi. Washa injini, ziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao, si kwa mkono. Injini ikifa au ikaribie kufa, umefunga vizuri. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa chini, na ndipo maji yatakapoingilia.

Winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa, na ujue kwamba ikivuta kwa nguvu zote inakunywa mamia ya ampea. Ongeza uzito wake, wa bampa ya chuma, wa keria, betri ya pili na tangi la maji, kisha linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari. Wengi wamekwisha kuupita kabla abiria hawajapanda. Uliza pia kanuni za ukaguzi na bima yako kuhusu kubadilisha urefu na tairi kabla ya kununua, kwa maana mahali pengi pana mipaka.

Kulijaribu

Safari ya kwanza iwe fupi na polepole. Jaribu breki mahali patupu, kwa mwendo wa chini, kisha kidogo zaidi. Baada ya kilomita kumi simama, usogeze kiganja karibu na kila habu bila kuigusa kwanza. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, ama beringi imebanwa mno ama breki inashika. Lala chini na tambara jeupe, pangusa chini ya kila sili uliyobadilisha.

Kilomita 50 za kwanza zikiisha, kaza nati za magurudumu kwa spana ya torki. Zikifika 500, rudia yu-bolti, vifuniko vya kingpini na bolti za propela, na tikisa magurudumu ya mbele kama siku ya ukaguzi. Pima tena kina cha oili kwenye difu zote mbili, maana oili mpya hujipenyeza kwenye nafasi zake na kushuka kidogo, na usafishe kichujio cha dizeli mara moja zaidi: uchafu wa tangi la zamani hutikiswa na safari za kwanza, ukaja wote kwa pamoja.